Mchezo wa Mamaw

Asubuhi ya fainali Brenna Caudill alishindwa kumeza hata skonzi moja. Zilikuwa mbele yake, za moto, zimeloa mchuzi mweupe wa soseji, chakula alichokulia tangu anatambaa, na leo alizikatakata tu kwa uma. Ng'ambo ya meza Kocha Pruitt wa Chuo cha Wexley alikuwa ameteka vichupa vyote vya chumvi na pilipili vya hoteli na kuvipanga kama timu ya kikapu.

"Haya, binti," alisema. "Hawa Harrow Gap umewachezea miaka mitatu. Kocha wao Verlene akiita 'Tanuri', wanafanyaje?"

Brenna akasogeza chumvi huku, pilipili kule. Akamwonyesha mchezo wa Tanuri, nani anakimbilia wapi. Akamwonyesha Daraja, akamwonyesha na Kengele, ule ambao mtu anajifanya amejikwaa kamba ya kiatu. Kila kichupa alichokigusa kilimfanya ajione mwizi anayeuza vyombo vya kwao.

"Mwingine?"

"Ni hiyo tu, Kocha. Na majina atakuwa ameshayabadilisha. Kocha gani anaacha mtu ahame na majina yake?"

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Kwamba Kocha Verlene angebadilisha majina, hilo Brenna aliliamini kabisa. Uongo ulikuwa kwenye lile jibu la mwisho. Ulikuwapo mchezo mmoja aliokuwa ameumeza.

Mchezo wenyewe uliitwa Mamaw. Katika milima ile ya mashariki ya Kentucky, Mamaw ni bibi, yule anayekulisha hata kama umesema umeshiba. Kocha Verlene Hobbs wa Chuo cha Harrow Gap alilelewa na Mamaw wake, na kila Jumatano ajuza huyo aliwapikia wasichana wa timu maharage na mkate wa mahindi, wanakula wamebanana jikoni hadi dirisha linatoa jasho. Humo jikoni ndimo Brenna na rafiki yake Shondra Tackett walipoufanyia mazoezi mchezo huo mara ya kwanza, kati ya friji na meza, Mamaw akiwa adui mwenye upawa mkononi. Brenna, kwa urefu wake, alitakiwa atoke chini ya kikapu, akimbilie pembeni, akunje mikono kifuani na kusimama ukuta. Shondra angepita akiambaa bega lake, na anayemkimbiza Shondra angejigonga ukutani. Ukuta usipotikisika, mwamuzi hana la kusema. Shondra anabaki peke yake kwenye kona, na Shondra akibaki peke yake kwenye kona unaweza kwenda kuwasha gari, mechi imekwisha.

Mamaw alipofariki, Kocha Verlene akaupa mchezo ule jina lake. Wakaurudia msimu hadi msimu, hadi Brenna akawa akisikia neno hilo hata dukani, mtoto akimwita bibi yake kwenye foleni ya maziwa, mikono yake inataka kujikunja.

Ndiyo maana hakuusema. Kumpa Pruitt Tanuri na Kengele ilikuwa kazi. Kumpa Mamaw ilikuwa kitu kingine, na hakuwa na neno la kukielezea kile kitu mbele ya vichupa vya chumvi.

Kwa nini alihama? Watu wa Harrow Gap wana majibu yao na mengi hayasemeki mbele za watoto. Jibu la kweli lilikuwa puani. Mwaka uliopita Harrow Gap walikwenda kucheza mjini, kwa Chuo cha Wexley, wale wenye ukumbi wa vioo na maji ya kunywa ya kila rangi. Brenna aliruka kudaka mpira, akapigwa kiwiko, pua ikavunjika, damu ikamwagika hadi magotini. Filimbi haikulia. Mwamuzi, Gene Lunsford, alipita karibu yake akikimbia na kusema, "Cheza, binti, cheza." Kocha Verlene alipomfuata kumwambia anachokifikiria, akapewa yeye faulo ya utovu wa nidhamu.

Mama yake Brenna aliyaona yote kwenye televisheni. "Watakuua huko, mwanangu," alisema kwenye simu, "na hakuna atakayepuliza."

Msimu ulipokwisha, dirisha la uhamisho likafunguliwa, wachezaji kila chuo wakaanza kuhama kama watu wanaokimbia mafuriko. Pruitt, kocha wa Wexley haohao, alimpigia simu. Alizungumza kuhusu mafunzo, kuhusu posho nono, na mwishoni, kwa sauti ya chini, akasema, "Na kwetu, Brenna, ukiguswa, wanapuliza."

Akaenda. Shondra alizisoma habari hizo kwenye simu akiwa kwenye kitanda cha pili katika chumba kilekile, Brenna akiwa amelala ameugeukia ukuta akijifanya ana usingizi. Hawakuwa wamesemezana tangu siku hiyo.

Na ni kweli, walipuliza. Mechi ya kwanza tu akiwa na jezi ya Wexley, mtu alimgusa kwa kiwiko, akayumba kidogo, filimbi ikalia. Alikuwa Lunsford yuleyule. Harrow Gap wangependa kusikia kwamba mzee huyo alikuwa mla rushwa, lakini hakuwa. Alikuwa mtu wa kufanya kazi mji huu leo na mji ule kesho, anakula garini, na jicho lake lilikuwa limezoea tu: mwenye jezi ya timu kubwa akianguka, amesukumwa, mwenye jezi ya timu ndogo akianguka, kajikwaa. Usiku ule Brenna alifurahi kama mtu aliyelipwa haki yake, kisha akaona aibu, kisha, niseme ukweli, akazoea naye. Kufika Januari alikuwa akianguka vizuri sana.

Basi la Wexley lilipofika Harrow Gap jioni, mvua ya mawe ilikuwa ikipiga paa la ukumbi. Fainali ya ligi ilichezwa kwa aliyeongoza msimu, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya chuo kile aliyeongoza alikuwa Harrow Gap. Mshindi angekwenda kwenye mashindano makubwa ya Machi, yale ambayo nchi nzima inaacha kazi kuyatazama. Harrow Gap hawajawahi kufika. Brenna naye hajawahi, na ndiko alikosema anakwenda alipohama.

Aliingia kwenye ujia akiwa ameinamisha kichwa, begi begani, akiwaza mchezo ule. Wakiuita, Pruitt atajua kuna kitu alifichwa. Wakiuita, atafanya nini? Alisukuma mlango, akainua macho, akawakuta wasichana wa Harrow Gap wakivaa viatu. Shondra alikuwa kwenye benchi la mwisho, pale pale, na pembeni yake palipokuwa pa Brenna pamekaa mtoto mgeni wa mwaka wa kwanza.

"Umepotea, dada," Shondra alisema bila kuinuka. "Wageni ni kulia."

Alirudi kinyumenyume, uso ukimwaka. Miguu ilikuwa imegeuka kushoto kwenye ujia bila kumuuliza. Alisimama pale nje akiitazama kama miguu ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajua hasa anachokiogopa.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazi. Mstari wa mbele alikaa Bi Opal, mwenye duka la mbegu, na kofia yake ya kufuma. Miaka mitatu alikuwa akimletea Brenna pai ya tufaha kila wakishinda.

"Brenna Caudill," aliita, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Pai kumi na moja zangu ulikula. Hata kwaheri?"

"Pole, Bi Opal."

"Pole haina sukari, mwanangu. Utafungwa leo, nakwambia kwa upendo."

Wanafunzi wa chuo nao walikuwa wamejiandaa. Brenna alipogusa mpira kwa mara ya kwanza, filimbi zikalia, si moja, mamia. Kila mwanafunzi alikuwa amekuja na filimbi ya plastiki ya watoto, na kila Brenna aliposhika mpira walipuliza wote kwa pamoja, halafu wakajitupa chini kwenye majukwaa wakishika pua na kugaagaa kwa maumivu. Hata wachezaji wa Wexley walicheka. Brenna aliurusha mpira kwa jirani yake kama umemuunguza.

Lunsford alisimamisha mchezo. Vyombo vya kelele haviruhusiwi ndani, na yeye alikuwa amekasirika mpaka masikio. "Zikilia tena, Verlene, faulo inakuja kwako," alisema.

Kocha Verlene Hobbs, mwanamke mfupi mwenye mvi na koti lile lile la kijani la kila fainali aliyowahi kufungwa, alichukua kipaza sauti. "Nyie watoto," alisema, "mmechekesha, tumecheka. Sasa zitieni kwenye ndoo ya bisi kabla hamjanigharimu. Na wewe Dewey Stamper, nimeuona mfuko wako wa nyuma." Zikakusanywa. Hakumtazama Brenna hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko filimbi zote.

Kipindi cha kwanza Wexley walichezewa kama watoto. Kocha Verlene aliita "Tanuri", Brenna akapaza sauti kuwaonya wenzake, wakaenda wote kushoto, mpira ukapita kulia. Aliita "Daraja", kikatokea kitu ambacho Brenna hajawahi kukiona. Kila kocha yule mfupi alipoweka viganja mdomoni, Brenna alingoja neno lile. Halikuja.

"Yote yamebadilika," Pruitt alisema wakati wa mapumziko, amemwinamia. "Hakuna hata jina moja ulilonipa lililosimama."

"Nilikwambia yatabadilika."

"Uliniambia." Alimwinamia zaidi. "Kuna kitu kingine unachokijua, Brenna?"

Delaney, mlinzi wao kutoka Cincinnati, msichana aliyemkaribisha Wexley na kumpa nusu ya kabati lake bila kuombwa, alikuwa amekaa karibu akifunga kamba za viatu. Aliinua macho naye.

"Hapana, Kocha."

Sasa alikuwa amedanganya mara mbili, na mara ya pili Delaney alisikia.

Robo ya mwisho timu zilikabana koo. Harrow Gap walikuwa mbele kwa pointi moja Brenna alipopokea mpira chini ya kikapu na Shondra akaja kumsaidia mwenzake kumzuia. Mkono wa Shondra ulipita karibu na bega la Brenna. Labda ulilipangusa, labda ulikuwa upepo wake tu. Brenna alianguka. Hakupanga, ndivyo siku hizi mwili ulivyofanya. Filimbi ya Lunsford ikalia papo hapo, na ukumbi ukazomea mpaka vioo vya saa vikatetemeka.

Ilikuwa faulo ya nne ya Shondra. Moja zaidi na angetoka. Shondra alimsimamia pale chini, hakumpa mkono.

"Unaanguka vizuri siku hizi," alisema taratibu. "Kuna somo lake huko?"

Brenna aliinuka mwenyewe. Alitupa mitupo yake miwili ya adhabu, yote ikaingia, akatamani mmoja ungekataa. Wexley wakawa mbele kwa moja. Zikabaki sekunde chache, mpira wa Harrow Gap. Kocha Verlene akaomba muda.

"Watampa Shondra," Pruitt alisema katikati ya duara, anapumua kama ndiye aliyekuwa akikimbia. "Delaney, mgande kama kupe. Akienda chooni, nenda. Brenna, wewe kaa chini ya kikapu. Usitoke chini ya kikapu hata Yesu akirudi. Umenisikia?"

"Kocha," Brenna alisema.

"Nini?"

Lilikuwa mdomoni. Kuna mchezo mmoja. Shondra atapita pembeni kwenda kona, Delaney asimfuate nyuma, akatize mbele. Maneno kumi tu na Wexley wanakwenda Machi. Aliona jiko la Mamaw, dirisha likitoa jasho, upawa juu. Akaona pia uso wa Delaney, unamngoja, unamwamini.

"Nini, Brenna?"

King'ora kikalia. "Hakuna," alisema, na wakarudi uwanjani. Alijiapiza njiani. Wakiuita, atapiga kelele yeye mwenyewe, atamwambia Delaney katize mbele, liwalo na liwe. Akapanga midomo tayari.

Mashabiki wa nyumbani hunyamaza timu yao inapotaka kushambulia, ni adabu ya kule, na jioni ile walinyamaza kama kanisani. Filimbi zilikuwa kwenye ndoo ya bisi. Mvua ya mawe nayo ilikuwa imekatika. Kocha Verlene aliweka viganja mdomoni. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anavyoita watu mezani.

"Mamaw."

Brenna alitoka chini ya kikapu.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka aliwaza nini, na hakupata kitu. Alikimbia hatua zake zilezile, akafika pembeni, akageuka, akakunja mikono kifuani na kusimama ukuta. Harufu ya nywele za Shondra ikapita begani mwake. Hapo ndipo alipoona rangi ya jezi aliyoivaa. Alifungua mdomo aseme, na Delaney, aliyekuwa akikimbia kwa nguvu zake zote huku amemgeukia Shondra, akaingia kwenye viwiko vyake kwa uso.

Kulikuwa na mlio wa mfupa. Brenna aliujua mlio huo.

Shondra alikuwa peke yake kwenye kona. Alirusha bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima. Brenna hakuutazama mpira. Alimtazama Lunsford, aliyekuwa hatua mbili kutoka pale na filimbi kati ya meno, na kwa moyo wake wote akaomba apulize. Apulize chochote. Mzee naye alimtazama, mashavu yamejaa pumzi. Kisha pumzi ikatoka puani taratibu, king'ora cha mwisho kikalia, na ukumbi wa Harrow Gap ukapasuka kwa kelele juu ya vichwa vyao.

"Gene!" Pruitt alikuwa ameshaingia uwanjani. "Mtu wangu yuko chini! Damu hiyo! Faulo iko wapi?"

"Faulo ya nani, Dale?" Lunsford alisema, na hakuwa na ukali wowote. "Ni mtu wako kagongwa na mtu wako."

Pruitt aligeuka polepole. Alimtazama Brenna kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Watu walikuwa wanamiminika uwanjani, Bi Opal na kofia yake, Dewey Stamper na filimbi ambayo kumbe hakuitoa. Kupeana mikono kulifanyika juujuu, watu wakilia na kukumbatiana. Kocha Verlene alipofika kwake, mkono ulikuwa mdogo na wa baridi, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kujali.

"Yote uliyabadilisha," Brenna alisema. "Kwa nini lile hukulibadilisha? Uliliita makusudi? Ulijua nipo pale?"

"Ningelibadilishaje, mwanangu? Ni jina la bibi yangu." Kocha Verlene alimshika shavu, karibu na pua iliyopinda kidogo. "Mimi nilimwita Shondra. Wewe ndiye uliyeitika."

Shondra alikuwa nyuma yake. Alipiga hatua moja kumwelekea Brenna, kisha wenzake wakambeba juu mabegani.

Kwenye ujia Brenna alisimama peke yake. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi, muziki unatoka, mtu anaimba vibaya kwa furaha. Mlango wa kulia ulikuwa umefungwa. Aliitazama miguu yake kwanza. Akaigeuza kulia, akasukuma.

Hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Delaney. Alikuwa kwenye benchi, daktari wa timu amemtia pamba puani, damu imemkauka kwenye jezi hadi chini, na macho yameshaanza kuvimba. Pruitt alikuwa amesimama kwenye kona akitazama ukuta.

"Nilipokuuliza," Pruitt alisema bila kugeuka. "Asubuhi, na tena wakati wa mapumziko."

"Nilikuwa naujua, Kocha," Brenna alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naucheza."

Brenna hakupata ujasiri wa kwenda kwenye nafasi yake, kando ya msichana aliyemgawia kabati bila kuombwa. Aliokota mfuko wa barafu uliokuwa umeanguka, akapiga magoti mbele ya Delaney, akaunyoosha. Delaney aliutazama mfuko, hakuupokea.

"Sikuelewa," Delaney alisema kwa sauti nzito ya pua iliyojaa. "Nilikuwa nangoja apulize. Nikiwa chini pale, nilikuwa nangoja tu. Mbona hakupuliza?"

Brenna alibaki amepiga magoti, barafu inamchuruzikia mkononi. "Aliyekugonga ni mimi," alisema. "Kwa mwenzako hawapulizi."